Mililita 12

Taa ya kijani ya nyutro ilikataa kuwaka. Nilikuwa nimesimama kwenye makutano ya barabara, magari yakipita mbele yangu, leva ya klachi nimeivuta mpaka ikagusa mpini wa usukani, na bado pikipiki ilikuwa ikijivuta kwenda mbele, hata ikanibidi niikanyagie breki ya nyuma ili isinitoe kwenye mstari. Niliitafuta nyutro kwa ncha ya kiatu, juu na chini, mara tano au sita, na gia haikukubali. Nikazima injini. Palepale, kwa kuguswa kidogo tu, gia ikaingia nyutro na taa ikawaka.

Gia inayokataa nyutro injini ikiunguruma, kisha ikaikubali mara injini inapozimwa, haina fumbo kubwa: leva imevutwa, lakini klachi haijaachia. Niliisukuma pikipiki hadi pembeni mwa barabara, nikakifuta kwa kidole gumba kile kioo kidogo cha duara kilicho ubavuni mwa kikopo cha mafuta ya klachi, nikainama kutafuta usawa wa mafuta. Sikuona mstari wowote. Kioo kilikuwa kitupu kuanzia juu hadi chini.

Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimekijaza kwa mkono wangu mwenyewe.

## Maelezo yaliyonituliza

Wiki tatu kabla ya siku ile, pikipiki ilikuwa imebadilishwa pleti za klachi. Zile za zamani zilikuwa zimekwisha kiasi kwamba nikivuta eksileta kupanda mlima, mlio wa injini ulipanda lakini mwendo ukabaki palepale. Fundi alizibadilisha, akatoa mafuta ya zamani ya klachi, akaweka mapya, akatoa upepo ulionaswa kwenye mfumo, na nikaondoka kwake nimeridhika. Siku chache baadaye nikaona mafuta kwenye kikopo yameshuka. Nikaongeza kidogo, nikaendelea na shughuli zangu.

Sikuongeza bila kufikiri. Nilikuwa na maelezo, na hapa ndipo jambo hili lilipoanza kunisumbua akilini hata baada ya pikipiki kupona.

Kwenye breki ya diski, pedi zikichakaa pistoni husogea nje kuzifuata, mafuta huijaza nafasi iliyoachwa nyuma yake, na usawa kwenye kikopo hushuka polepole. Klachi ya pikipiki yangu huenda kinyume cha hapo. Ndani ya injini, sahani inayozibana pleti huzama ndani zaidi kadiri pleti zinavyozidi kuwa nyembamba. Ikizama huirudisha nyuma fimbo inayopita katikati ya shafti ya gia, na fimbo nayo huirudisha ndani ya tundu lake pistoni ya silinda ya chini, ile inayosukumwa na mafuta kila leva inapovutwa. Mafuta yaliyokuwa mbele ya pistoni hayana pa kwenda isipokuwa kupanda juu. Kwa hiyo pleti zikichakaa, usawa wa mafuta hupanda, na pleti mpya zikiwekwa, hushuka.

Pleti zangu zilikuwa mpya, na usawa ulikuwa umeshuka. Nikaona kila kitu kimekaa mahali pake. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli, na kwa kuwa yalikuwa ya kweli sikuona haja ya kuyapima.

## Hesabu niliyochelewa kuifanya

Huwa naongeza mafuta ya klachi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwa sababu mafuta haya hubabua rangi, na sitaki tone lianguke kwenye tangi. Bomba lina mistari ya mililita. Mara ya kwanza nilikuwa nimeongeza mililita 5. Mara ya pili, siku kama kumi baadaye, niliongeza 7. Jumla ni 12, bila kuhesabu yaliyopotea tena mpaka kioo kikawa kitupu pale kwenye makutano.

Jioni ile niliketi na kalamu. Fundi alikuwa amenirudishia pleti za zamani kwenye boksi la zile mpya, kama wafanyavyo mafundi waangalifu, hivyo nilizipima kwa venia, kifaa cha kupimia unene: pleti saba za msuguano, kila moja ikiwa imepungua kama milimita 0.2 ukilinganisha na unene ulioandikwa kwenye kitabu cha matengenezo. Jumla ya uchakavu ni milimita 1.4. Pistoni ya silinda ya chini ina kipenyo cha milimita 35, yaani eneo la milimita mraba 962 hivi. Ukizidisha kwa 1.4 unapata milimita za ujazo 1,347.

Hiyo haifiki mililita moja na nusu.

Nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea nukta. Sikuwa nimekosea. Pleti mpya zilikuwa na haki ya kuchukua mililita moja na nusu kutoka kwenye kikopo, mara moja tu, kisha usawa ukatulia. Zaidi ya mililita 10 hazikuwa na maelezo yoyote, na mimi nilikuwa nimeziongeza kwa utulivu kabisa.

Kuna jambo jingine lililonisaidia kujidanganya, nalo ni tabia ya mfumo wenyewe. Kila unapoachia leva, pistoni ya silinda ya juu, ile ambayo mafundi huiita masta, hurudi nyuma na kufungua kitundu kidogo kinachoiunganisha na kikopo. Kilichopungua chini hufidiwa kutoka juu, na leva hubaki na ugumu wake uleule. Unaweza kupoteza mafuta siku baada ya siku na mkono wako usihisi lolote, mpaka siku kikopo kinapokauka na silinda ikavuta hewa badala ya mafuta. Hewa hubanwa, mafuta hayabanwi; leva ikaanza kuibana hewa tu, na fimbo ya klachi haikusogea vya kutosha. Ndiyo maana niliona hitilafu ile imenijia ghafla, ilhali ilikuwa na wiki tatu.

## Nilimshuku fundi

Ningependa kuipita sehemu hii haraka, lakini ndiyo iliyonifanya niandike.

Mfumo ambao kwa miaka mingi haukupoteza hata tone ulianza kupoteza mafuta siku chache baada ya kuguswa. Akili ilikwenda moja kwa moja kwa aliyeugusa. Nilifikiri ameacha nipeli ya kutolea upepo bila kuikaza. Nilifikiri ameilegeza ile bolti yenye tundu inayoufunga mpira wa mafuta kwenye silinda, kisha akarudishia washa zilezile za zamani, ambazo zikishabanwa mara moja huwa hazishiki tena vizuri. Wazo baya kuliko yote ni kwamba huenda aliweka mafuta yasiyofaa. Kifuniko cha kikopo changu kimeandikwa DOT 4, aina ya mafuta ya breki na klachi, lakini ziko pikipiki ambazo klachi yake hutumia mafuta ya madini, na mafuta hayo yakiingia kwenye mfumo wa DOT 4 huzivimbisha sili, mipira inayozuia mafuta yasivuje, na kuzilainisha mpaka zinaharibika kabisa.

Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia kwenye simu. Nakiri kwamba nilipovua glavu na kuchukua tochi, jina la mwenye kosa nilikuwa nalo tayari, na nilichokuwa nakitafuta ni ushahidi wa kumpelekea.

## Kutoka juu kwenda chini

Mafuta yanayovuja hufuata mteremko na hufuata upepo, kwa hiyo mahali yanapoonekana huenda pakawa mbali na mahali yanapotokea. Nilianza juu kabisa. Niliikunja raba ndogo inayoifunika ncha ya silinda ya juu, pale leva inapoisukuma pistoni, kwa kuwa sili ya pale ikichoka mafuta hujikusanya nyuma ya raba hiyo kabla hayajaanza kudondoka. Pakavu. Nikapitisha karatasi nyeupe kuzunguka kifuniko cha kikopo, kioo, na bolti ya mpira wa mafuta. Pakavu. Nikaufuata mpira wote kwa vidole, nikiukunja kidogo kila baada ya sentimita chache ili nyufa zifunguke, hadi ulipopotea nyuma ya injini. Rangi ya tangi na ya fremu chini yake ilikuwa nzima, bila malengelenge, na rangi ni shahidi mzuri sana kwa mafuta ya aina hii.

Ikabaki silinda ya chini, ambayo kwenye pikipiki yangu imejificha nyuma ya kava ya sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta cheni.

Nilipoivua kava nilikuta kile ambacho kila mwenye pikipiki ya cheni hukikuta: tope jeusi la grisi, mchanga na vumbi, limejaa kila pembe. Chini ya silinda, tope lile lilikuwa limelainika na linang'aa. Rangi kwenye ukingo wa ndani wa kava ilikuwa imevimba na kubanduka kwa ukubwa wa kucha.

Nikaenda moja kwa moja kwenye nipeli. Ilikuwa imekazwa vizuri, na kifuniko chake cha raba kilikuwa kikavu ndani. Nikaitazama bolti ya mpira. Washa zake mbili za shaba zilikuwa zinang'aa kama sarafu mpya. Alikuwa amezibadilisha bila mimi kumwambia, na bila kunitajia.

Hapo nikaona aibu kidogo, lakini sikuacha kumshuku. Lilikuwa limebaki swali la aina ya mafuta.

## Glasi ya maji

Pale nyuma ya sproketi hukutana vimiminika vingi kuliko mtu anavyodhani. Fimbo ya klachi hutoka ndani ya injini kupitia sili yake yenyewe, na ikichoka, inayovuja ni oili ya injini, ikadondoka mahali palepale pa silinda ya chini. Shafti ya sproketi ina sili yake. Shafti ya kubadilishia gia nayo inayo. Kwenye injini zinazopozwa kwa maji, pampu ya maji wakati mwingine huwa jirani, na ina kitundu cha makusudi cha kutolea maji sili yake ikianza kuchoka. Zaidi ya hayo yote kuna mafuta ya cheni, ambayo hurushwa kila upande. Kusema kwamba silinda ya klachi inavuja kwa sababu tu pana unyevu pale ni kubahatisha.

Njia niliyoitumia inahitaji glasi ya maji tu. Mafuta ya DOT 4 yametengenezwa kwa kemikali za glaikoli, na hizo huyeyuka katika maji. Oili ya injini haiyeyuki, huelea. Mafuta ya madini ya klachi nayo huelea. Maji ya rejeta huchanganyika, lakini huwa na rangi yake, na yakikauka huacha magamba yenye rangi hiyohiyo.

Jaribio la kwanza liliharibika. Nilichota tope kwa kijiti nikalitia kwenye glasi, nalo likaelea lote likiwa na utando wa rangi za upinde wa mvua, na kwa dakika chache niliamini kwamba tatizo ni oili ya injini. Kisha nikakumbuka kwamba tope lile nusu yake ni mafuta ya cheni, na mafuta ya cheni yangeelea hata kama chini yake pana lita nzima ya DOT 4. Nikasafisha eneo lote mpaka chuma kikaonekana, nikakausha, nikakijaza kikopo, nikatoa upepo kadiri nilivyoweza peke yangu, nikaifunga leva kwenye mpini wa usukani kwa ukanda wa tyubu ili mfumo ubaki na presha, nikatandika karatasi nyeupe chini ya silinda, nikaenda kulala.

Asubuhi palikuwa na doa kwenye karatasi, kubwa kama kitufe cha shati. Juu yake, chini ya ukingo wa silinda, tone moja lilikuwa limening'inia. Lilikuwa safi, lenye umanjano hafifu sana. Nililichukua kwa ncha ya bomba la sindano nikalidondosha kwenye glasi.

Lilizama. Likashuka taratibu likiwa limejinyoosha kama uzi, maji yaliyolizunguka yakatetemeka jinsi hewa inavyotetemeka juu ya lami wakati wa jua kali, kisha uzi ukafifia na glasi ikabaki na maji matupu. Juu hapakuelea kitu.

Tone lile liliniambia mambo mawili kwa pamoja. Kinachovuja ni mafuta ya klachi, wala si oili ya injini. Na mafuta yaliyomo kwenye mfumo ni ya aina inayotakiwa, kwa maana yangekuwa ya madini yangeelea mbele ya macho yangu. Fundi hakukosea mafuta. Hakukosea nipeli wala washa. Sikuwa na kitu cha kumpelekea.

## Sili mpya, tone lilelile

Niliagiza sili za silinda ya chini. Nilipoifungua, niliisukuma pistoni itoke kwa kuvuta leva polepole, kitambaa nikiwa nimekikinga mbele yake. Sili ya aina hii ni kikombe cha mpira chenye ukingo mwembamba, na presha ya mafuta huutanua ukingo huo ukaukumbatia ukuta wa silinda. Ukingo wa ile ya zamani ulikuwa na mikwaruzo, mitatu au minne, mifupi, yote upande mmoja. Nikajiambia kwamba sili imezeeka, na sili ikizeeka hubadilishwa.

Kuzunguka mdomo wa silinda palikuwa na unga mweupe, mkavu, kama vumbi la chaki.

Niliuona, nikaufuta.

Nilipaka sili mpya mafuta safi, nikairudisha pistoni, nikafunga, nikatoa upepo, nikapanda pikipiki. Klachi ilikuwa laini ajabu. Nyutro iliingia kila nilipoitaka. Siku ya kwanza niliangalia kioo mara nne, siku ya pili mara mbili, siku ya tano nikasahau. Siku ya tisa nikakumbuka, nikainama, na usawa ulikuwa umeshuka chini ya nusu ya kioo.

Sijui niieleze vipi hali ya moyo wangu asubuhi ile. Uvujaji wa kwanza ulikuwa umenitia hasira, lakini hasira ilikuwa na pa kwenda. Huu wa pili haukuwa na mtu wa kumlaumu ila mimi, na sikujua nilichokosea. Nilikuwa nimepima, nimejaribu, nimethibitisha. Nilikuwa nimepata sehemu inayovuja na nimebadilisha kilichochakaa. Kila hatua ilikuwa sahihi, na tone lilikuwa palepale.

Nilichokuwa sijakiuliza ni swali moja tu: kwa nini sili ile ilikwaruzwa? Uzee hukausha mpira, huufanya mgumu, huupasua nyufa ndogondogo pande zote. Hauchori mistari mitatu upande mmoja.

## Ukucha wa fundi

Nilimpelekea fundi silinda ikiwa mkononi, nimeifunga kwenye mfuko. Ni mtu mzima kunizidi, asiye na maneno mengi. Nilimsalimu, nikamsimulia kuanzia mwanzo, pamoja na hesabu ya mililita, na nikamwambia wazi kwamba nilikuwa nimemshuku yeye na nipeli yake.

"Hata ningekuwa mimi ningeanza na nipeli," akasema, akaipokea silinda.

Hakuitazama sili. Aliitoa pistoni akaiweka kando, akaigeuza silinda kuelekea kwenye mwanga, kisha akaingiza kidole chake kidogo na kupitisha ukucha kutoka ndani kuja nje, polepole, mara moja. Ukucha ulikwama. Akanipa.

"Pitisha hapo, mwanangu."

Nikapitisha. Sehemu ya ndani ilikuwa laini kama kioo. Karibu na mdomo, ghafla, ukucha wangu ukapanda juu ya kitu chembamba kisha ukaingia kwenye vishimo. Jicho lilikuwa halioni zaidi ya kivuli cha kijivu, ilhali ukucha ulihisi kama unapita juu ya msasa. Alumini haishiki kutu nyekundu kama chuma. Huliwa na maji ikatoa unga mweupe, na chini ya unga huacha mashimo madogo. Ule unga nilioufuta kwa kitambaa ulikuwa ndio ugonjwa wenyewe.

Kisha akanieleza lile ambalo hesabu yangu ilikuwa imelibeba muda wote bila mimi kulisoma. Miaka ile pleti za kwanza zilipokuwa mpya, pistoni ilifanya kazi karibu na mdomo wa silinda. Kadiri pleti zilivyochakaa, pistoni ilirudi ndani kidogo kidogo, na sili ikauacha nyuma yake ukanda wa ukuta ambao haikuugusa tena. Upana wa ukanda huo ni uleule uchakavu wa pleti: milimita 1.4. Hakuna sili iliyoupangusa wala mafuta yaliyoulinda. Uchafu na maji kutoka kwenye cheni ndivyo vilivyokuwa vikiufikia. Siku pleti mpya zilipowekwa, pistoni ilirudi nje kwa milimita zilezile 1.4, na kila nilipovuta leva sili ikaburuzwa juu ya mashimo. Ile ya zamani ilivumilia siku chache. Mpya, kwa ulaini wake, ilivumilia siku tisa.

Mimi nilikuwa nimeitumia 1.4 kuonyesha kwamba pleti mpya haziwezi kueleza mafuta yaliyopotea. Kumbe ndizo zilizoyaeleza, kwa njia nyingine kabisa.

"Pikipiki unaioshea nini?" akaniuliza.

Nikamwambia kwamba naiosha kwa mashine ya presha, na kwamba huwa naelekeza maji kwenye kava ya sproketi kwa sababu ndipo penye uchafu mwingi. Hakusema neno. Aliendelea kuifuta pistoni.

Baada ya muda akasema: "Na mimi ningeivua ile kava siku ile nikasafisha mdomo kabla sijafunga pleti. Sikuivua."

Nimelifikiria sana neno lake hilo. Kubadilisha pleti hufanyika upande mwingine wa injini. Hakuna kinachokulazimisha kuigusa silinda ya chini, na kitabu changu cha matengenezo hakisemi uiguse. Hata hivyo, kwa pikipiki yenye umri, nina hakika sasa kwamba kazi hizo mbili ni kazi moja. Anayeweka pleti mpya anaipeleka sili mahali ambapo haijafika kwa miaka, na anapaswa kupakagua kwanza. Ni nusu saa ya ziada, kitambaa safi na ukucha.

Nilimuuliza kama ukuta ule unaweza kusuguliwa kwa msasa laini. Alikataa. Mashimo yale ni ya kina, na ukisugua hadi yaishe, tundu litapanuka mpaka sili isishike. Tukaweka silinda mpya nzima.

Mafuta tuliyojazia yalitoka kwenye kopo jipya lililofunguliwa mbele yangu. Lile nililokuwa nikiongezea nyumbani lilikuwa limekaa wazi muda mrefu, na mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. Kiwango cha DOT 4 kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzijoto 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji yanayofikia asilimia 3.7, kikomo hicho ni 155 tu. Kwa klachi, kuchemka si hofu kubwa kama ilivyo kwa breki. Hofu yangu ni kwamba maji hayo huishia ndani ya silinda ileile ya alumini, ambayo ndiyo sehemu ya chini kabisa ya mfumo, na mimi nilikuwa nikiyaongeza kwa bomba la sindano huku nikiamini kwamba naitunza pikipiki.

Kutoa upepo kulichukua muda mrefu kuliko kufunga. Mapovu ya mwisho yalikuwa yamejificha juu kabisa, kwenye bolti ya silinda ya juu, na hayakutoka mpaka fundi alipougeuza usukani, akailegeza bolti hiyo robo mzunguko chini ya kitambaa, na kuikaza tena kabla sijaachia leva.

Nimebandika ukanda mwembamba wa karatasi pembeni mwa kioo cha kikopo na kuchora mstari kwa kalamu. Leo ni siku ya 41, na mafuta yako kwenye mstari. Kava ya sproketi nimeivua mara mbili tangu hapo. Karatasi nyeupe niliyoipitisha chini ya silinda ilitoka na weusi wa mafuta ya cheni pekee. Mdomo wa silinda naufuta kwa mkono sasa, na maji ya presha hayafiki upande ule.

Silinda ya zamani iko mezani ninapoandika haya. Nimeiosha ikang'aa, na mgeni akiitazama ataona kipande kizuri cha alumini kisicho na kasoro. Nikipitisha ukucha kutoka ndani kuja nje, unakwama palepale.